Ubongo wa Solembra

Katika mkoa mzima wa Arusha kulikuwa na magari mawili tu aina ya Solembra, na wenye magari hayo walipendana kama warithi wanavyompenda mgonjwa tajiri. Mmoja alikuwa mkulima na mfugaji wa kule juu Ngaramtoni, Mzee Lesikar Simel. Wa pili alikuwa shemeji yangu Reginald Ndesanjo, muuza mabati na nondo wa Sakina, mume wa dada yangu Evaresta, na mtu ambaye hajawahi kununua hata kiberiti bila kukueleza kwa nini kinawaka vizuri kuliko cha kwako.

Mimi naitwa Abdiel. Nafundisha Jiografia sekondari moja ya Elerai, na naendesha kigari ambacho vipuri vyake unaweza kuvipata hata genge la nyanya. Shemeji alikihurumia sana kigari changu.

"Abdiel," aliniambia siku moja, "gari kama lako mtu akiliegesha kwenye harusi, akitoka anapanda la mwenzake, anafika nalo nyumbani, analala, na hakuna atakayejua."

Yeye alitaka gari ambalo hakuna mwingine analo. Akalipata, na matatizo yake yote yalianzia hapo.

Solembra halikuwa kubwa kama yale ya kupeleka watalii porini, wala dogo kama la karani wa benki. Lilikuwa la saizi ya kati, la kifahari, lenye viti vya ngozi rangi ya chai ya maziwa na paa la kioo. Siku lilipofika Kijenge anakoishi, shemeji alilipitisha mtaani taratibu mno, mpaka bibi mmoja akaanza kulia akidhani limebeba maiti. Vijana wa kijiweni nao hawakuhangaika na ile "r". Tangu jioni ya kwanza waliliita Solemba, na kila mtu anajua mtu aliyeachwa solemba ameachwaje.

Sasa, gari hili lilikuwa na siri ndogo. Kampuni iliyolitengeneza ililitengeneza miaka miwili hivi, ikaona haliuziki, ikafunga karakana na kuhamia kwenye mashine za kufulia nguo. Mtu mwingine angelificha jambo hilo kama ugonjwa wa ukoo. Shemeji yangu alilifanya mahubiri.

"Mnajua kwa nini waliacha kulitengeneza?" alituuliza mezani, Jumapili moja, mkono mmoja umeshika mfupa. "Waliacha kwa sababu lilikuwa limetimia. Ukipika wali ukaiva, unaendelea kupika?"

"Au uliungua, baba Bright," alisema dada yangu, akaendelea kugawa ndizi.

Ndani ya gari kulikuwa na sauti ya mwanamke. Kila likiwashwa, alisema maneno machache kwa lugha ya huko lilikotoka, kwa upole, kama mtu anayekupokea mkoba. Shemeji alimpenda sana mama huyo. Alisema anamkaribisha kwa heshima, tofauti na watu wengine, hapo akimtazama dada yangu. Evaresta alivumilia, mpaka siku alipomleta jirani yetu Philemoni, anayeongoza watalii na anayeijua lugha hiyo. Philemoni aliingia, akasikiliza, akaomba liwashwe tena.

"Ananiambia karibu bwana mkubwa, sivyo?" shemeji akauliza.

"Hapana, mzee. Anasema, tafadhali lirudishe gari hili kwa wakala wetu haraka iwezekanavyo."

Evaresta alicheka hadi akakaa kwenye ndoo. Wakala mwenyewe alikuwa ameshafunga ofisi na kuhama nchi.

Mvua za masika zilipoanza, dirisha la dereva likashuka na kukataa kupanda. Fundi Yiamat wa pale Sakina, ambaye hutengeneza chochote chenye magurudumu na baadhi ya visivyo nayo, alilizunguka gari, akalipiga kofi, akalala chini yake, akatoka.

"Mzee, ugonjwa nimeuona," alisema. "Lakini hospitali yake ilifungwa."

Kwa hiyo mvua zote zile shemeji aliendesha gari la kifahari akiwa amefungua mwavuli ndani. Nilipomuuliza, aliniambia kwamba magari ya watu wa kawaida hukufungia hewa.

Siku shemeji alipomwona Lesikar kwa mara ya kwanza, alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake, anamweleza mteja ubora wa bati. Barabara ya Nairobi ilikuwa imejaa malori na mabasi. Katikati yao likapita Solembra jeusi, limejaa tope hadi kwenye vioo, na juu ya viti vyake vya ngozi kuna majani ya ng'ombe yamepangwa mpaka darini. Shemeji alimwacha mteja ameshika bati, akarukia gari lake, mwavuli mkononi, na kulifukuza hadi Ngaramtoni. Alilipita, akalizuia, akashuka kwa hasira.

"We mzee, unajua hilo gari ulilopakia majani ni gari gani?"

Akashuka mzee mrefu, mrefu kweli, aliyekunjuka kutoka kwenye kiti chake kama ngazi. Alivaa koti zuri, shuka begani, fimbo mkononi. Alimtazama shemeji, akalitazama gari la shemeji, akalitazama tena.

"Kumbe na wewe unalo," akasema polepole. "Taa zako za nyuma ni nzima?"

Shemeji anasema swali lile lilimwingia hadi kwenye figo. Maana papo hapo na yeye aliona kwamba mzee yule ana dirisha linalopanda. Hasira ikamtoka yote. Akainama.

"Shikamoo mzee wangu," akasema.

Hivyo ndivyo urafiki ulivyozaliwa.

Haukuwa urafiki wa kawaida. Kila asubuhi, kabla hajapiga mswaki, shemeji alipiga simu Ngaramtoni.

"Limeamkaje?"

"Limeamka salama. La kwako?"

"Salama, ila..."

"Ila nini?" sauti ya Lesikar ikipanda kwa matumaini.

"Ila nimelimwagia chai kidogo."

"Aa. Pole," alijibu mzee, kwa sauti ya mtu aliyeitiwa nyama akakuta mifupa.

Walitembeleana. Lesikar akija Kijenge, hakuanza kwa kusalimia watoto. Alizunguka gari la shemeji, anabonyeza hapa, anagonga pale, kama mtu anayechagua fahali mnadani. Shemeji naye akipanda Ngaramtoni alibeba mkate, akaula mwenyewe akiwa amechuchumaa karibu na lile dirisha. Walipeana ushauri pia. Shemeji alimwambia Lesikar kwamba gari linalokaa kwenye lami huzeeka mapema, afadhali alipitishe korongoni lichangamke. Lesikar alimshauri shemeji aache sabuni, aoshe kwa maji ya chumvi.

"Ninyi wawili mnangojana msiba," alisema Evaresta.

Lesikar alikuwa na raha zake na lile gari. Lilimfaa kwa sababu lilikuwa gari pekee alilowahi kuingia bila kukunja shingo. Kila asubuhi alishusha madumu ya maziwa kwenye migahawa ya chai. Yule mama wa ndani ya gari, Lesikar alimjibu kwa Kimaa, na alituhakikishia kwamba wanaelewana vizuri, tofauti na shemeji na wa kwake.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka mmoja wao azikwe, kama Brightness asingepata mchumba.

Brightness ni binti pekee wa dada yangu. Zamani, shemeji alipokuwa bado anauza misumari ya kupima, alikuwa akimpeleka shule juu ya mzigo wa mabati nyuma ya pikapu ya kukodi. Siku moja bati lilimchana sweta kuanzia bega hadi kiunoni, akaingia darasani analia. Shemeji hajawahi kuisahau sweta ile. Alimwapia mtoto kwamba siku ya harusi yake atampeleka kanisani ndani ya gari ambalo watu wataligeukia, na yeye mwenyewe baba yake atalishika usukani. Brightness akakua, akasoma, akapata kazi ya maabara, akasahau. Baba yake hakusahau.

Kamati ya harusi ilipokutana, marafiki walijitolea magari meupe, mazuri, yanayofanana. Shemeji alisimama.

"Magari yanayofanana ni ya msibani," alisema. "Bibi harusi ataingia na Solembra. Ajenda inayofuata."

"Baba, mimi hata bajaji inanitosha," alisema Brightness.

"Wewe huijui thamani yako, mwanangu."

Alhamisi kabla ya Jumamosi ya harusi, Solembra halikuwaka. Yule mama hakusema lolote, hata malalamiko. Fundi Yiamat alikuja, akafungua chini ya dashibodi na kutoa kisanduku kidogo cheusi, akakinusa, akampa shemeji akinuse.

"Huu ndio ubongo," alisema. "Umeungua."

"Umeungua kabisa?"

"Mwili mzima uko sawa, mzee. Ila hajitambui."

Shemeji alikaa chini kwenye kokoto na suruali yake ya kazini. Sikuwahi kumwona ametulia vile. Baada ya muda akaniangalia, na nikaona kwamba anawaza ninachowaza. Ubongo mwingine wa Solembra tulioujua ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa Ngaramtoni, unabeba maziwa.

Tuliondoka na kigari changu. Tulinunua sukari mfuko mzima na blanketi la mistari, maana huwezi kumwomba mtu ubongo wake mikono mitupu. Njiani shemeji alijizoeza atakachosema. Atasema kwanza ni kwa siku moja tu. Halafu ataongea habari ya watoto. Halafu, ikibidi, atalia.

Tulikuwa hatujafika kwenye mteremko wa Ngaramtoni tulipoona pikipiki inakuja, na nyuma ya dereva amekaa Lesikar, magoti yamefika masikioni, amekumbatia gunia la karoti na mguu wa mbuzi uliofungwa kwenye gazeti. Alitupungia. Tukasimama. Shemeji akashuka na blanketi lake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, rafiki yangu. Mbona leo uko kwenye gari la mwalimu?"

"Nimemsindikiza tu shemeji. Anaogopa mlima."

"Vizuri. Mlima si wa kuchezea."

"Na wewe, mbona pikipiki?"

"Daktari amesema nipate upepo."

"Gari halijambo lakini?"

"Halijambo kabisa. La kwako?"

"Linang'aa."

Niliwaona wote wawili wanasikitika, kila mmoja akilihuzunikia gari zima la mwenzake.

"Nilikuwa nakuletea karoti," alisema Lesikar.

"Na mimi sukari," alisema shemeji.

Dereva wa pikipiki alikuwa mtu wa haraka. "Mzee," alisema, "sasa hiyo giaboksi tunaenda kuiomba au tunarudi? Mimi nina abiria."

Shemeji aliinua kichwa kama mbwa aliyesikia sahani. "Giaboksi?"

"Imelala kidogo," alisema Lesikar.

"Imelala au imekufa?"

"Tangu juzi imelala. Haliendi mbele, haliendi nyuma. Linawaka tu na kuongea."

Nikaona nimalize. "Mzee, na la kwetu limepoteza ubongo," nikasema.

Nimehudhuria misiba mingi, lakini sijawahi kuona wafiwa wanaong'aa nyuso namna ile. Walipeana pole za moyo wote. Walishikana mikono. Lesikar alimpa shemeji mguu wa mbuzi, shemeji akamfunika Lesikar blanketi, na furaha yao ilidumu mpaka kila mmoja alipogundua kwamba mwenzake hana mpango wa kuwa maiti.

Tulikwenda kujadili nyumbani kwa Lesikar. Mkewe, Mama Nalepo, alitumiminia chai, akakaa na kuwasikiliza. Hoja ya shemeji ilikuwa fupi. Gari ni mwili, na mwili wake ni mzima, kwa hiyo ubongo uhamie kwake.

"Nikikupa ubongo, nabaki na nini?" aliuliza Lesikar. "Banda la kuku. Gari ni ubongo, rafiki yangu. Wewe niletee giaboksi, gari liendelee kuwa gari."

"Na mimi nibaki na nini?"

"Mwavuli unao."

Wakaniomba mimi niamue, kwa vile nimesoma. Nikawaambia kwamba swali la ubongo na mwili halimo kwenye silabasi ya Jiografia, wamwone mwalimu wa dini. Wakarudi kwenye kubishana. Shemeji aliongea habari ya watoto. Lesikar aliongea habari ya ng'ombe. Shemeji akajaribu kulia, lakini chai ilikuwa tamu mno, machozi hayakuja.

Mama Nalepo akaweka birika chini.

"Kuna binti anaolewa Jumamosi, au hakuna?" aliuliza.

Wakakubali kwamba yupo.

"Basi ubongo uende kwa bibi harusi. Mengine mtagombana Jumatatu."

Lesikar alitii, kama mume yeyote mwenye busara, ila aliweka sharti moja. Ubongo ule unaujua ufunguo wake tu, na ufunguo wake haujawahi kulala nje ya mfuko wake. Kwa hiyo ataendesha yeye.

Usoni mwa shemeji niliona kitu kinavunjika. Usukani ule ndio aliouapia. Lakini alisema asante, akaniomba twende.

Fundi Yiamat alihamisha ubongo Ijumaa. Jumamosi asubuhi Lesikar alifika Kijenge amevaa suti ya bluu iliyonyooka, shuka jekundu begani, fimbo yenye shanga, na kondoo dume mkubwa wa zawadi, kwa sababu mzee kama yeye haji harusini mikono mitupu. Nyumba nzima ilitoka kumwangalia. Matarumbeta yalikuwa yameshapanda pikapu yao, yanapasha moto. Lesikar akaingia garini, akaweka ufunguo, na Solembra likaunguruma kama halijawahi kuugua. Watu wakapiga vigelegele. Shemeji alifuta kioo kwa leso yake.

Hapo ndipo tulipojifunza kwamba gari lile halikuwa tena la shemeji. Lilikuwa na mwili wa Kijenge, lakini lilifikiri Kingaramtoni.

Kiti cha dereva, kilipoutambua ufunguo, kilirudi nyuma chenyewe mpaka mwisho, kwa ajili ya miguu ya Lesikar, na kubana kabisa nafasi ya nyuma yake. Upande mmoja wa nyuma ukawa umekufa. Ule mwingine waliingia Brightness, msimamizi wake na gauni, na gauni lilikuwa na watu wawili ndani yake.

"Basi nakaa mbele," alisema shemeji.

Alikaa mbele. Kiti kikasikia uzito, kikaanza kulala taratibu, kikalala kabisa, shemeji akabaki chali anatazama mawingu kupitia paa la kioo, na ua lake la koti limeelekea mbinguni.

"Ni kwa ajili ya mgongo wa mama Nalepo," alieleza Lesikar. "Ukikikatalia, kinabana."

Kweli, shemeji alipojaribu kunyanyuka, kiti kilimrudisha. Tulimvuta kwa mikono.

"Shemeji, panda kwangu," nilimwambia. "Tutawafuata nyuma."

"Binti yangu hataingia kanisani baba yake akiwa kwenye gari jingine," alisema. "Nilimwahidi ndani ya gari hilo."

Akazunguka nyuma, akafungua buti, akaingia na suti yake ya kijivu, akakaa. Lesikar, ambaye hakuona tatizo lolote, akamwingiza na kondoo.

Kanisa lilikuwa upande wa Sakina, ng'ambo kabisa ya mji. Matarumbeta yalitangulia, Solembra likafuata, mimi na Evaresta nyuma yake. Mpaka Sanawari safari ilikuwa nzuri. Kwenye mataa likasimama, na nilipoliona buti linaanza kupanda lenyewe, polepole, kwa mlio mtamu kama wa kinanda, nikakumbuka yale madumu ya maziwa. Lesikar alikuwa amelizoesha gari lifungue nyuma kila likisimama, maana mikono yake huwa imejaa.

Buti likafunguka lote. Ndani, amekaa shemeji yangu, magoti kifuani, mkono mmoja umemshika kondoo shingo. Tukatazamana. Sikujua kama nimpungie.

"Angalia mbele," Evaresta aliniambia, "usimwangalie usoni." Lakini yeye alikuwa anatazama, na mabega yanamtikisika.

Watembea kwa miguu walisimama. Mama mmoja muuza parachichi alimuuliza shemeji kama kondoo anauzwa.

"Hauzwi," alijibu shemeji, kwa heshima yote aliyobaki nayo.

Taa ikawaka kijani, buti likajifunga. Kwenye foleni likafunguka tena. Kwenye kivuko cha watembea kwa miguu likafunguka. Kila likifunguka kondoo alikuwa amemkaribia zaidi, na mara ya mwisho nilipoona, lile ua la koti lilikuwa linamalizikia mdomoni mwake. Na kwa bahati ya shemeji, lori la magogo lilikuwa limeziba barabara mbele ya duka lake mwenyewe, kwa hiyo tulisimama hapo muda mrefu. Wateja walitoka. Wafanyakazi walitoka. Mmoja aliyekuwa ameshika tepu ya kupimia alivua kofia.

Kanisani watu walikuwa wamejipanga hadi getini. Matarumbeta yakapandisha, akina mama wakapiga vigelegele, simu zote zikainuliwa. Mlango wa dereva ukafunguka, akakunjuka Lesikar, suti ya bluu, shuka jekundu, fimbo yenye shanga. Umati ukaguna kwa heshima. Hata mimi, ninayemjua, niliona kwamba kama kuna baba wa bibi harusi duniani ni yule. Wakamwimbia. Lesikar akadhani ndio utaratibu wa harusi za Kichaga, akamfungulia Brightness mlango na kumpa mkono.

Wakati huohuo, upande wa pili, buti lilikuwa linapanda kwa mlio wake mtamu. Kondoo akaruka kwanza. Shemeji akafuata kinyumenyume, tai begani, manyoya hadi kwenye nyusi. Mzee wa kanisa aliyekuwa anasimamia wageni alikuja mbio.

"Kondoo wa zawadi jikoni," aliamuru. "Na mchungaji wake apite nyuma."

Mchungaji wetu, aliyekuwa mlangoni na joho lake na kitabu mkononi, aligeuka. "Mimi nipite nyuma?"

"Si wewe, baba mchungaji. Huyu mchungaji wa kondoo."

"Mimi ndiye baba," alisema shemeji.

"Baba ameshuka mbele, tumemwona. Usituharibie ibada, ndugu yangu. Jikoni kuna chai."

Nilikuwa nahangaika kuegesha. Nilipofika, shemeji alikuwa ameshasukumwa nyuma ya kanisa, amesimama kati ya masufuria, kamba ya kondoo mkononi, na mpishi amemkabidhi kikombe. Hakuwa anagombana. Alikuwa ananyamaza tu, na kwa mtu kama yeye, kunyamaza ni ugonjwa.

"Abdiel," aliniambia, "nilitaka watu waligeukie lile gari. Wamegeuka."

Kabla sijajibu, gauni likatokea kwenye kona, limejaa njia nzima. Brightness alikuwa amemwacha Lesikar mlangoni mwa kanisa katikati ya wimbo, amekunja shela mkononi, amepita kwenye tope la jikoni na viatu vyake vyeupe. Alikuwa anacheka hadi wanja unamtiririka.

"Baba, twende. Wananingojea."

"Nina manyoya, mwanangu."

"Twende na manyoya."

Akamshika mkono. Shemeji akanikabidhi kondoo. Waliingia kanisani kwa mlango mkuu, na umati, ambao sasa haukuelewa chochote, ulimwimbia tena baba, mara hii aliye sahihi, ingawa kwa sauti ya chini kidogo. Lesikar aliwapisha na kuwapigia makofi. Shemeji alilia tangu mlangoni hadi madhabahuni. Baadaye alidai ni mzio wa kondoo.

Jumatatu waligombana kama walivyoagizwa. Mwishowe walikubaliana gari liwe la wote wawili, wiki moja Kijenge, wiki moja Ngaramtoni. Ufunguo haujawahi kutoka mfukoni mwa Lesikar, kwa hiyo wiki ya Kijenge mzee anashuka asubuhi na kumwendesha shemeji dukani, shemeji amelala chali kwenye kiti cha mbele, anasoma mawingu. Anasema ni vizuri kwa mgongo.

Ila mtaani jina limemganda. Hakuna anayemwita Bosi Ndesanjo tena. Wanamwita Mchungaji, kuanzia kijiweni hadi dukani kwake, na familia zinazohamia Kijenge, zisizojua habari yenyewe, humgongea jioni kumwomba akabariki nyumba zao mpya.

Mwanzoni alikuwa anawaeleza. Siku hizi anavaa koti, anakwenda kubariki.